Betri ya pikipiki imekufa tena baada ya miezi saba: naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Korogwe. Nilinunua pikipiki ya mkononi, cc 125, yenye selfu na kiki. Siku hizi nikibonyeza selfu inalia tak-tak-tak halafu kimya. Honi inakoroma na taa ya mbele imefifia, ila nikipiga kiki inawaka vizuri. Fundi ananiambia betri imekufa, ninunue nyingine. Tatizo ni kwamba hii ina miezi saba tu tangu niinunue. Sijawahi kushika spana maishani. Naweza kuibadilisha mwenyewe? Na kwa nini betri zangu hazikai?"

Mwalimu, habari za kazi. Kubadilisha utaweza. Ni kazi ya bisibisi na spana namba 10, na mtu aliyetulia huimaliza ndani ya nusu saa hata kama ni mara yake ya kwanza. Ninachokuomba ni usikimbilie dukani. Betri ya pikipiki ikitunzwa hukaa miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Yako imechoka kwa miezi saba, kwa hiyo kuna kitu kimeichosha, na kitu hicho bado kipo, ama kwenye pikipiki ama kwenye namna inavyotumika. Ukifunga mpya bila kukijua, hiyo mpya nayo utaizika mapema.

Kwanza nikueleze hiyo tak-tak-tak. Unapobonyeza selfu, umeme mdogo unaamsha rilei, na rilei ndiyo inayofungulia umeme mkubwa uende kwenye mota ya selfu. Betri ikiwa dhaifu, rilei inavuta, mota inadai umeme mwingi, volti zinaanguka, rilei inaachia. Volti zikipanda inavuta tena. Ndiyo mlio unaousikia. Maana yake umeme haufiki wa kutosha. Haina maana moja kwa moja kwamba betri imekufa. Waya uliolegea kwenye kichwa cha betri utakupa mlio uleule, honi ileile ya kukoroma na taa ileile iliyofifia.

Na kiki kuwasha vizuri kusikudanganye. Pikipiki nyingi ndogo za kabureta hupata moto wa plagi kutoka kwenye koili yake yenyewe iliyo ndani ya sumaku ya injini, na haupiti kwenye betri. Kwa hiyo injini inaweza kunguruma siku nzima huku betri ikiwa haina kitu. Wapo wanaoing'oa kabisa na kuendelea kupakia abiria. Wewe usifanye hivyo. Betri hupokea na kutuliza umeme unaotoka kwenye injini. Ikiondolewa, umeme huo hupanda na kushuka ovyo, na balbu huungua moja baada ya nyingine, mwisho rektifaya, yaani kile kidude kinachogeuza umeme wa injini ufae kuchaji betri na kuuzuia usizidi.

Sasa tupime. Nunua multimita ndogo ya kidijitali kwenye duka la vifaa vya umeme. Hata kama ni ya bei ya chini itatosha, na ni bei ndogo ukilinganisha na betri. Zungusha kitufe chake kwenye alama ya V yenye mstari mnyoofu, kwenye namba 20. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya chenye alama ya kujumlisha, ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi.

Pima mara ya kwanza asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku mzima na swichi imezimwa. Betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 imeisha chaji. Kuisha chaji si kufa. Betri iliyoisha chaji inaweza kurudi, iliyokufa hairudi. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila kimoja hutoa kama volti 2.1. Ukiichaji usiku kucha na asubuhi bado inasoma 10.5 au karibu na hapo, ujue chumba kimoja kimekufa, na hapo hakuna dawa.

Mara ya pili, pima huku mtu mwingine akibonyeza selfu. Namba itashuka, hilo ni la kawaida. Ikiwa betri ilikuwa imejaa na bado namba inaporomoka chini ya 9.5, haina nguvu tena hata kama ikipumzika inasoma vizuri.

Mara ya tatu ndiyo ninayoitaka zaidi kwako, na ndiyo mafundi wengi wenye haraka wanairuka. Washa kwa kiki, acha ncha za mita palepale, halafu ongeza moto kiasi, kama mtu anayeendesha gia ya tatu barabarani. Pikipiki nzima itasoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu bila kupanda, injini haichaji betri, na betri yoyote utakayoweka itaisha. Shida iko kwenye koili za sumaku, kwenye soketi iliyoungua, au kwenye rektifaya. Ikipita 15, rektifaya imeachia umeme wote upite na betri inachemshwa.

Hili la mwisho nililiona vizuri kwa kijana mmoja wa bodaboda aliyeniletea betri yake ya tatu ndani ya mwaka. Ilikuwa betri ya maji. Nilipofungua kava harufu ya mayai viza ilinipiga usoni, ubavu wa betri umevimba kama mkate, na maji yameshuka mpaka sahani za ndani zinaonekana juu zimekauka. Nikawasha, mita ikapanda mpaka 16 na kitu. Amenunua betri tatu kwa ugonjwa wa kidude kimoja chenye mapezi ya aluminiamu kisichozidi kiganja. Tulibadilisha rektifaya, tukaweka betri, na ile ya nne akaja kuiuza pamoja na pikipiki.

Kwa hiyo, mwalimu, vipimo hivyo vitatu vitangulie pesa. Kabla yake, fungua kava na uviangalie vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, au waya unaochezacheza ukiushika, anzia hapo. Changanya magadi kidogo na maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, pitisha msasa laini mpaka chuma king'ae, kaza. Kama betri ni ya maji, hakikisha vifuniko vyake vimefungwa ili magadi yasiingie ndani, maana yataua asidi. Kisha ichaji kwa chaja ndogo na upime upya.

Kuchaji nako kuna kipimo chake. Ubavuni mwa betri pameandikwa ampea-saa, kwa mfano 5Ah au 7Ah. Chaja iingize sehemu moja ya kumi ya namba hiyo: betri ya 5Ah ichajiwe kwa nusu ampea. Chaja kubwa ya magari inaipikia ndani. Peleka kazi hiyo barazani au penye hewa, mbali na jiko la mkaa na sigara, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, na hidrojeni hulipuka kwa cheche moja. Usiichaji chumba mnacholala.

Tuseme umefanya yote hayo na betri kweli imekufa. Unapokwenda duka la spea, beba ya zamani mkononi. Usimwambie muuzaji "nipe ya pikipiki ya 125", maana za 125 zinatofautiana. Linganisha vitu vitatu: ampea-saa, vipimo vya boksi (urefu, upana, kimo), na upande ilipo chanya. Hiki cha tatu ndicho kinachowaponza wengi. Betri mbili zinaweza kufanana kama mapacha lakini chanya ya moja iko kulia na ya nyingine iko kushoto. Kwenye majina kama YTX5L, ile herufi L huonyesha kwamba chanya iko kulia ukiitazama betri vichwa vikiwa upande wako. Ukichukua isiyo yenyewe, nyaya hazifiki, mtu anaamua kuigeuza betri ili zifike, na kwenye kuigeuza ndipo chanya na hasi zinapochanganywa. Kosa hilo likikuhurumia litaunguza fyuzi tu. Lisipokuhurumia linaondoka na rektifaya na vinginevyo.

Utaulizwa unataka betri ya maji au betri kavu. Mimi kwa mtu anayeanza nashauri kavu, ile iliyofungwa kabisa, kwa sababu haihitaji kuongezwa maji na haimwagi. Ukichukua ya maji, elewa tofauti ya chupa mbili. Asidi inatiwa mara moja tu, betri inapokuwa mpya. Baada ya hapo, maji yakipungua unaongeza maji yaliyosafishwa tu, yale yasiyo na chumvi wala madini. Madukani watu huita zote mbili "maji ya betri", kwa hiyo soma chupa. Anayeongeza asidi kila maji yanapopungua anazila sahani za ndani, na anayeongeza maji ya bomba anazipaka chumvi.

Hapa pia ndipo ninapodhani betri yako hii ya miezi saba ilianza kuumia. Nyingi za hizi huja dukani zikiwa hazijatiwa asidi, na kifuko cha asidi pembeni. Muuzaji anamimina, anakukabidhi, unafunga, unaondoka, yote ndani ya dakika tano. Lakini betri ikishatiwa asidi inatakiwa ikae angalau nusu saa sahani zinywe, kisha ichajiwe taratibu mpaka ijae ndipo ipewe kazi ya kwanza. Ikiruka hatua hiyo inaanza maisha ikiwa pungufu, kwa kawaida kama asilimia 80, na pikipiki ya safari fupi za nyumbani hadi shuleni haitaifikisha kwenye kujaa kamwe. Mwombe muuzaji aichaji na uifuate kesho yake, au ichaji mwenyewe.

Kazi yenyewe sasa. Chagua mchana, penye mwanga, pikipiki kwenye stendi ya kati, injini imepoa, ufunguo umetolewa. Vua saa, pete na bangili. Hili nalisema kwa kovu: nikiwa kijana wa kujifunza nilikuwa na saa ya mkanda wa chuma, ikagusa kichwa cha chanya na fremu kwa pamoja. Ilikuwa ni sekunde tu, na alama ya mkanda ninayo hadi leo kwenye kifundo cha mkono. Vaa glavu za mpira na miwani, hata ile ya jua, na weka ndoo ya maji safi karibu. Asidi ikigusa ngozi, mwagia maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, betri iko nyuma ya kava la pembeni, kulia au kushoto, chini ya kiti. Kava lina skrubu moja na vishikio viwili vitatu vya mpira. Ukishatoa skrubu livute polepole kwa usawa, usilipinde, plastiki yake huvunjika masikio. Kabla hujagusa nati yoyote, piga picha kwa simu. Piga ya karibu na ya mbali, uone waya upi unakwenda wapi na mrija unapita wapi. Usiamini rangi za nyaya peke yake. Kwa kawaida mwekundu ni wa chanya, ule mafundi wanaouita waya wa moto, na wa hasi, waya wa bodi, ni mweusi, au wa kijani kwenye Honda na nyingi za Kichina zilizofuata mtindo huo. Lakini pikipiki ya mkononi huenda imeshapita mikono ya watu waliounga kwa waya wowote waliokuwa nao. Fuata alama zilizochorwa kwenye betri yenyewe.

Unafungua hasi kwanza. Sababu yake ukiielewa hutaisahau: hasi imeungwa na fremu, kwa hiyo chuma chote cha pikipiki ni hasi. Ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana yako ikiteleza na kugusa fremu inakuwa daraja kati ya chanya na hasi, cheche zinaruka, spana inaweza hata kuganda. Ukishatoa hasi, fremu haina tena uhusiano na betri, spana inaweza kugusa popote bila tukio. Funika ncha ya waya wa hasi kwa kitambaa, uisogeze pembeni, ndipo ufungue chanya. Legeza mpira unaoibana betri. Kama ni ya maji, chomoa mrija wa kupumulia. Itoe betri ikiwa wima, usiilaze.

Ikitoka, tazama ilikokuwa. Sanduku lenye kutu au unyevu wa asidi lisafishe kwa maji ya magadi, ukaushe. Betri mpya iingie imekaa vizuri, isichezecheze, mpira wake uibane, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi huvunja sahani za ndani polepole. Ya maji ina jambo moja la kuangalia: pale kwenye pua ya kupumulia hukaa kifuniko kidogo cha mpira, mara nyingi chekundu, kilichowekwa kwa ajili ya usafirishaji. Kitoe na kitupe, halafu chomeka mrija. Kikibaki, hewa haina pa kutokea na betri itapasuka. Mrija uelekee chini, mbali na cheni na ekzosi, usikunjwe.

Kufunga ni kinyume cha kufungua: chanya kwanza, hasi mwisho. Na hapa ndipo utakapokasirika, mwalimu, kwa hiyo nikuandae. Kichwa cha betri kina nati ndogo ya mraba iliyokaa ndani ya kitundu, haijashikwa na chochote. Ukisukuma boliti, nati inazama na boliti haiikuti. Ukiinamisha, nati inaanguka ndani kabisa ya pikipiki. Kata kipande cha sponji cha godoro, ukubwa wa punje ya mahindi, kiweke chini ya nati ndani ya kile kitundu. Sponji itaiinua nati mpaka ikutane na boliti. Anza kwa vidole, nyuzi zikishaingia malizia kwa bisibisi au spana. Kaza iwe imara, lakini usitumie nguvu za mkono mzima. Kichwa cha risasi ni laini, kinakatika. Ukimaliza paka vaseline juu ya vichwa vyote viwili kuzuia ule unga, na rudisha kifuniko cha mpira juu ya chanya.

Utaona cheche ndogo hasi inapogusa mara ya kwanza, hasa kama pikipiki ina alamu. Ndogo si neno. Kubwa yenye mlio ni dalili kwamba swichi imewashwa au kitu kimeungwa vibaya. Simama, rudi kwenye picha. Baada ya hapo washa swichi, jaribu honi, indiketa, taa ya breki, selfu. Kisha rudia kile kipimo cha tatu, injini ikinguruma. Hata kama kila kitu kinafanya kazi, kipime.

Kuhusu kwa nini betri zako hazikai, ukiacha rektifaya, nina shaka na likizo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, pikipiki inasimama wiki kadhaa. Betri iliyokaa bila chaji hujengeka chembe ngumu za salfeti kwenye sahani zake za risasi, na zikishakomaa chaja haiziondoi. Kama mwenye pikipiki wa kwanza aliweka alamu, hesabu ni mbaya zaidi: alamu inayovuta miliampea 30 humaliza betri ya 5Ah kwa siku saba hivi, pikipiki ikiwa imezimwa. Siku unayofunga safari ya kwenda kwenu, ichaji ijae, fungua waya wa hasi, uuviringishe kitambaa. Dakika tano tu.

Ile ya zamani usiiache uani watoto wakaichezea, wala usimwage asidi yake shambani, na asikudanganye mtu kwamba risasi yake inafaa kuyeyushwa nyumbani kwa ajili ya mishipi ya kuvulia. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijaza sumu ya risasi kwenye damu za watoto wa mtaa mzima; Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Irudishe nzima kwa aliyekuuzia mpya. Wengi huipokea na kukupunguzia kitu kwenye bei.

Ukishapima, niandikie namba tatu: asubuhi, wakati wa selfu, na injini ikinguruma. Ya tatu ikizidi 15 au ikikataa kupanda, usinunue chochote kwanza. Nitakueleza namna ya kuipima rektifaya kwa multimita hiyohiyo.